Kelele za Kumpokea Mpimaji

Mwadi hakuwa mjinga, na hilo lieleweke mapema, kwa sababu baadaye watu wa avenue Lufira walimwita mjinga mpaka wenyewe wakachoka. Akili alikuwa nayo. Shida ni kwamba aliipata yote siku moja, kwa uchungu, na tangu siku hiyo hakutaka kuongeza nyingine.

Siku yenyewe ilikuwa miaka sita nyuma. Yeye na mumewe Mukalay walikuwa bado wanakaa upande wa pili wa Kolwezi, karibu na shimo la mgodi. Kampuni moja ilitaka kulipanua shimo, ikatuma watu wa kuhesabu nyumba na miti ili kila familia ihamishwe kulingana na ilicho nacho. Usiku wa kuamkia hesabu, mtaa mzima ulishika majembe. Watu walichomeka miche ya mipapai na miparachichi kila mahali, hata mlangoni pa choo. Mwadi naye alichomeka kumi na minne. Asubuhi karani wa hesabu akafika, akaitazama miche iliyolala ubavu kama walevi, akamuuliza Mukalay waliipanda lini. Naye Mukalay, mtu aliyetoboa miamba chini ya ardhi miaka thelathini bila kuleta nyumbani hata msumari wa kampuni, akajibu bila kupepesa macho:

"Jana, tata. Tuliipanda jana mangaribi."

Karani alicheka, kisha akawafuta. Hakufuta miti tu, aliifuta familia nzima kwa kosa la udanganyifu. Majirani waliofunga midomo yao walipewa nyumba zenye vioo madirishani. Mukalay na Mwadi walibeba godoro na masufuria wakaenda kujibanza kwenye kinyumba alichowaachia marehemu dada yake Mukalay, mwisho wa avenue Lufira, na toka hapo Mwadi hakumsamehe mumewe hata kiasi cha ukucha.

Lakini alimpenda. Watu husahau hilo wanapoisimulia hadithi hii, nami sitaki kulisahau. Mashine za kutobolea miamba zilikuwa zimemwachia Mukalay kichwa kibovu. Hakuwa kiziwi, afadhali angekuwa. Sauti zilimuumiza. Sufuria ikianguka alishika masikio na machozi yakamtoka. Mwaka uliopita alipata AVC, yaani kiharusi, upande wa kushoto ukalala, na daktari akamwambia Mwadi waziwazi kwamba mtu huyu akae mahali pa kimya, maana damu ikipanda tena itamwangusha moja kwa moja. Bahati yao ilikuwa kwamba avenue Lufira haikutokea popote. Iliishia kwenye kilima cha udongo uliotolewa mgodini, na kilima hicho kilizuia ngurumo ya malori ya barabara kuu. Mchana ungeweza kumsikia kuku akiparua. Hakukuwa na sehemu nyingine kama hiyo Kolwezi nzima, na Mukalay alilala humo kama mtoto aliyeshiba.

Ndipo ikaja habari kwamba uwanja mtupu ulioko mbele yao umenunuliwa. Watajenga kituo cha starehe: piscine ya kuogelea, ukumbi wa wazi wa orkestra, na njia ya lami ya kushindania vigari vidogo vya mota. Kati ya njia hiyo na dirisha la Mukalay zilikuwa hatua sitini. Mwadi alizihesabu mwenyewe. Tangu siku hiyo alikuwa na lengo moja tu hapa duniani: nyumba yake iingie kwenye orodha ya zitakazohamishwa, ampeleke Mukalay mahali pengine pa kimya kabla mota ya kwanza haijawashwa.

Mpimaji alifika Jumatatu. Aliitwa Gracien, kijana wa Lubumbashi, shati limechomekwa, kitambulisho kinaning'inia kifuani. Alisimamisha uani kwa Mwadi chombo cha miguu mitatu chenye kichwa cha sponji nyeusi, kisha akaingia ndani akabandika kijisanduku kizito kwenye sakafu, karibu na kitanda cha Mukalay. Majirani walijaa mlangoni.

"Hii ya inje inasikia makelele," Gracien aliwaambia. "Hii ya mu nyumba inasikia udongo vile inatetemeka. Itabaki siku tatu, muchana na usiku. Mufanye tu kama siku yote."

"Na kiisha?" Mwadi aliuliza.

"Kiisha bureau italinganisha, mama. Nyumba yenye itasumbuliwa sana na makelele, bataihamisha mbele chantier ya kujenga ianze."

Hakusema uongo. Alibakiza tu sentensi moja mdomoni, ile ya kueleza wanalinganisha nini na nini, kwa kuwa bureau, ofisi yake, ilimkataza kujadili mbinu na wakazi, na kwa kuwa jua lilikuwa kali na alikuwa na njaa. Alipanda moto yake, ile pikipiki ya kazi, akaenda kula.

Mukalay alikuwa akikitazama kijisanduku toka kitandani. Majirani walipotoka, alimwita mkewe kwa ule ulimi wake uliokuwa mzito tangu AVC.

"Mwadi. Ile mashini mi naijua. Ku mine, mu shimo, balikuwa banaweka kama ile mbele ya kupasua majiwe. Inapima kwanza kimya yetu. Kiisha banaangalia makelele ya mupya itapita kimya yetu kwa ngapi. Bakikuta hapa kuko kimya, batatuhamisha. Bakikuta makelele, batasema aba batu bamezoea, tubaache."

Alieleza vizuri kuliko mhandisi yeyote. Na kama maneno hayo yangetoka kwa mtu mwingine, fundi, padri, hata mlevi wa kwenye kilabu cha lutuku, huenda Mwadi angeketi akayafikiri. Lakini yalitoka kwa mtu wa miche kumi na minne.

"Njo vile ulisemaka na juu ya miti," alimjibu. "Bale balidanganya beko mu manyumba ya vioo. Siye tuko hapa. Ukweli yako tulishaikula, tata, na haikutushibisha. Lala."

Jioni ile aliikusanya avenue. Aliwakumbusha hesabu ya miti, aliwaambia kwamba watu wa vyombo ni walewale na huandika wanachokikuta, na kwamba avenue yenye kelele kubwa ndiyo itakayohesabiwa imesumbuliwa. Hakuna aliyempinga. Wote walikuwa wamewahi kuhesabiwa mahali fulani, na wote walijua kuwa mkweli hurudi mikono mitupu. Jirani yake Shida alimleta mumewe Aruna na lori lake la kupeleka bidhaa Fungurume, wakaliegesha mbele ya ua wa Mwadi huku injini inanguruma. Kanyinda, kiongozi wa kwaya, alileta bafle mbili za kanisa, spika kubwa, kwenye toroli, akazielekeza kwenye ile sponji nyeusi kama anayetaka kuitoa mapepo.

Ikawa siku tatu za wazimu, na nikiri kwamba siku ya kwanza walifurahi. Akina mama walipanga zamu za kutwanga sombe, majani ya mihogo, vinu vinne kwa mstari, chini ya dirisha la Mukalay, maana ndani ndiko kilikokuwa kijisanduku cha udongo. Watoto waliruhusiwa kufanya kile walichokuwa wakipigiwa kila siku, yaani kuruka kutoka juu ya meza hadi sakafuni. Kwaya iliimba, lori liliguna, na mwenye kinu cha kusagia mahindi alikiwasha bila mahindi ndani. Mwadi alizunguka katikati yao na kitambaa kichwani, akihimiza, akicheka. Alichukua hata kisu akapanua nyufa mbili za ukutani, akamwita Gracien alipopita kukagua.

"Ona, tata! Nyumba ilishapasuka!"

Gracien alipiga picha. Aliweka rula pembeni ya ufa, akapiga nyingine, akaandika tarehe. Alikuwa kijana makini sana.

"Na hapa kila siku iko hivi, mama?"

"Kila siku! Asubui mpaka usiku! Hatulalake!"

Siku ya pili Mukalay aliacha kula. Alijikunja upande wake mzima akafunika kichwa kwa mkono mmoja aliobakiwa nao, na kila mchi ulipogonga kinu alitoa mguno mdogo, kama mtu anayepigwa tumboni. Mwadi alimtia pamba masikioni, akavua kitambaa chake akamfunga juu yake, akakaa kitandani akimsugua mgongo.

"Vumilia, baba Rachelle. Siku mbili tu. Kiisha nitakupeleka fasi ya kimya mpaka kufa kwetu."

"Ita kijana," Mukalay alisema. "Nimuambie."

"Utamuambia nini?"

"Ukweli."

Mwadi alisimama. Fimbo ya Mukalay ilikuwa imeegemea ukuta, ile fimbo ambayo bila hiyo hakuweza kufika hata mlangoni. Aliichukua, akaenda nayo jikoni, akaificha nyuma ya gunia la makaa. Aliporudi hakumtazama usoni. Mukalay hakuuliza iko wapi. Alilia tu, kimyakimya, na Mwadi akajisemea moyoni kwamba analia kwa sababu ya kelele.

Lakini mdomo hauna fimbo. Siku ya tatu Gracien alipokuja kung'oa vyombo na kwaya ikanyamaza ili kumtazama, sauti nzito ilitoka dirishani, ikijikokota neno kwa neno.

"Kijana! Banakudanganya. Hapa kuko kimya. Kila siku kuko kimya. Pima tena."

Gracien aligeuka akamtazama Mwadi, na kwa muda mfupi kila kitu kilikuwa bado kinaweza kurekebishwa.

"Ni maladi," Mwadi alisema haraka, akigusa kichwa chake kwa kidole. "AVC. Haiko na akili tena, tata. Musamehe."

Gracien alitikisa kichwa kwa huruma. Akamletea karatasi, mahali pa shahidi, palipoandikwa kwamba hali iliyopimwa ni ya kawaida ya mtaa. Mwadi alitia sahihi kwa herufi kubwa. Shida alitia. Kanyinda alitia na kuongeza cheo chake cha kanisa. Gracien aliikunja vizuri, akasema asante, akaondoka, na avenue nzima ikapiga vigelegele nyuma ya moto yake.

Matokeo yalisomwa miezi miwili baadaye katika darasa la shule, mbele ya chef wa quartier, mkuu wa mtaa. Mwadi alivaa pagne yake, kitenge cha harusi ya Rachelle, binti yao aliyeolewa Fungurume, na alikaa benchi la mbele. Mwanamke mmoja wa bureau, mwenye sauti tulivu, alionyesha ukutani michoro ya rangi. Alieleza kanuni: wanachukua kelele iliyopo sasa, wanalinganisha na kelele ya kituo kitakapofunguliwa. Nyumba ambazo kelele mpya itaizidi sana ya zamani zinahamishwa, au zinajengewa ukuta mrefu wa kuzuia sauti. Zisizozidiwa zinabaki kama zilivyo.

"Kelele ya kituo kwenye avenue Lufira itakuwa desibeli sitini na saba," alisema. "Kelele tuliyoikuta kwenye avenue Lufira ni desibeli sabini na nne." Akatabasamu. "Kwa hiyo tunaweza kusema kituo kitakuwa kimya kuliko nyinyi."

Watu wa mitaa mingine walicheka mpaka benchi zikagongana. Avenue Lufira haikucheka. Kichwani Mwadi alimsikia Mukalay akisema maneno yaleyale, kwa ulimi ule mzito: batasema aba batu bamezoea. Alisimama.

"Mama, ile haikuwa kweli," alisema. "Tulifanya vile juu ya mashini. Siku yote hapa kuko kimya. Mupime tena."

"Tuna sahihi zenu, mama. Ya kwanza ni ya kwako."

"Nalidanganya!"

"Basi tujue lini unasema kweli?" aliuliza mwanamke yule, bila ubaya, kama anayeuliza saa. Darasa likacheka tena. Mtaa mmoja tu nyuma ya kilima, wa watu kumi na moja waliokwenda msibani siku za kipimo chao wakauacha kimya, uliwekwa kwenye orodha ya kuhamishwa.

Mwadi alimkimbilia Gracien nje, akamshika mkono wa shati.

"Ulijua. Ulituona tunaruka kama nyani, na ulijua!"

Gracien aliutoa mkono wake taratibu. Alionekana kuwa na aibu kidogo, ya kiasi ambacho mtu huisahau kabla ya chakula cha mchana.

"Mama, mi napimaka tu. Na kulikuwa mutu moja kwenu mwenye kunisemea kweli." Akapanda moto yake. "Weye njo ulisema haiko na akili."

Basi chantier, ujenzi wenyewe, ikaanza. Rola ya kushindilia udongo ilitetemesha masahani kabatini kuanzia saa moja asubuhi. Nyufa zikaja, za kweli safari hii, moja ikapanda toka sakafuni hadi darini juu ya kitanda cha Mukalay. Mwadi alipeleka malalamiko. Walimtolea faili, wakamwonyesha picha zake mwenyewe, na rula pembeni, na tarehe: nyufa za zamani, zilikuwepo kabla ya kazi. Alizitambua alama za kisu chake.

Majirani nao walimgeuka kama walivyomfuata, wote kwa pamoja. Kanyinda alimsema kanisani bila kumtaja jina. Shida, aliyekuwa akimletea chai ya tangawizi kila Ijumaa, aliacha kuleta, na siku walipokutana bombani alimwambia machoni kabisa, "Weye ulituuza, mama, na haukupata hata kitu." Lilikuwa kosa la wote, lakini mtu wa kubebeshwa alihitajika, na Mwadi ndiye aliyekuwa amepaza sauti kuliko wengine.

Mukalay hakumlaumu. Hilo ndilo lililomchoma Mwadi zaidi ya yote. Siku ile aliporudi toka darasani akamsimulia, Mukalay alimsikiliza mpaka mwisho, akamwomba tu fimbo yake. Mwadi aliitoa nyuma ya gunia la makaa, ilikokaa miezi yote miwili, nyeusi kwa vumbi la makaa, akaifuta kwa pagne ya harusi. Wiki ya tatu ya rola, damu ilipanda tena. Mukalay hakufa. Aliamka hospitali siku ya nne akiwa hawezi kusimama kabisa, na siku zimechanganyikana kichwani mwake: jana, mwaka juzi, kesho, zote zimekuwa chumba kimoja. Fimbo ikarudi ukutani ikakaa.

Kituo kilifunguliwa Jumamosi moja, baada ya chakula cha mchana. Kulikuwa na maputo na hotuba. Kisha vigari vikawashwa, kumi na viwili kwa mpigo, vikaanza kuzunguka, na orkestra ikapokea. Desibeli sitini na saba, kama walivyoahidi. Mbao za dirisha zililia. Mukalay alifumbua macho, akajikunja, mkono wake mmoja ukapanda kichwani, ukaanza ule mguno mdogo kila kigari kilipopita mbele ya nyumba. Mwadi alichukua pamba, akamtia masikioni, akamfunga kitambaa. Akalala nyuma yake akamkumbatia na kuziba masikio yake kwa viganja vyake viwili, juu ya kitambaa, kwa nguvu zote.

"Mwadi," Mukalay alisema baada ya muda.

"Niko, baba Rachelle."

"Ambia batu banyamaze sasa. Kijana alishaenda na mashini yake."

Vigari vilipita, vikarudi, vikapita.

"Uko unanisikia? Baambie yaishe. Kipimo ilishaisha."

"Ndiyo," alisema. "Naenda."

Aliinuka, akatoka uani, akasimama mahali palepale palipokuwa na chombo cha miguu mitatu. Ng'ambo watoto wa watu walipiga kelele za raha kwenye maji. Alisimama pale muda unaomtosha mtu kwenda kuwaambia majirani na kurudi. Kisha akaingia ndani akakaa kitandani.

"Nimebaambia," alisema. "Banasema banaacha sasa hivi."

Mukalay, ambaye maisha yake yote alimsadiki mkewe kwa kila neno, alishukuru, akafumba macho, akaanza kusubiri kimya.